Bega Likishatoka: Mazungumzo na Makocha na Wachezaji, Mbeya

Mugonile! Na ninyi mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa, kamwene!

Nyoosheni mkono: nani amewahi kulivuta bega la mchezaji uwanjani mpaka likarudi? Mh. Makocha wote. Sikuja kuwagombeza, ila acheni. Huenda mfupa nao umepasuka, na wewe ukivuta unauachanisha. Kuna pia mshipa wa fahamu unaopita karibu na kwapa. Mguse kijana kwa nje ya bega. Akisema hasikii kitu, daktari aambiwe. Fungeni mkono ulivyo, apelekwe akapigwe picha.

Bega ni chungwa juu ya kisosi cha chai: chungwa ni kichwa cha mfupa wa mkono, kisosi ni pale kinapokaa kwenye mfupa wa bega. Kisosi hakina kina. Kinachosaidia ni ukingo wa gegedu, ile tishu ngumu inayonyumbuka, unaokizunguka, ligamenti zinazofunga mfupa kwa mfupa, na misuli. Bega linapotoka, na karibu mara zote linatokea mbele, ule ukingo hubanduka. Mwingereza Bankart alilieleza jeraha hilo mwaka 1923, na mpaka leo tunaliita kwa jina lake. Chungwa nalo hubonyea kwa nyuma. Ndiyo maana kijana wa chini ya miaka 20, hasa wa michezo ya kugongana, likimtoka mara moja tusishangae likitoka tena. Siku nyingine hutoka akivaa shati tu.

Mfupa ukiwa haujaharibika sana, daktari bingwa huingia kwa matundu madogo na kamera, akaushona ukingo mahali pake kwa nyuzi zilizoshikwa na nanga ndogo mfupani. Lakini kisosi kikishamegeka, tuseme robo ya upana wake, uzi peke yake unashona nini? Hapo ndipo ninapomvulia kofia Mfaransa Latarjet, aliyeandika njia yake mwaka 1954. Mbele ya bega kuna kifupa ambacho wataalamu wa kale walikifananisha na mdomo wa kunguru. Kinakatwa pamoja na kano zake, kinahamishiwa pale palipomegeka, kinakazwa kwa skrubu. Mfupa unaziba pengo, na kano zinakuwa mkanda unaolizuia chungwa mkono ukiinuliwa.

Sasa tufike mnapogombana na mimi: atarudi lini? Baada ya upasuaji, kombeo, yaani kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni, huvaliwa wiki 3 hadi 6 hivi. Kugongana na watu, mara nyingi ni baada ya miezi 4 hadi 6. Maumivu huisha mapema mno, yanatudanganya. Halafu mchezaji wetu wa huku si mchezaji tu. Anaambiwa asiguse mpira, naye hagusi. Ila kesho yake yuko shambani na jembe, au anapakia magunia ya viazi. Siku hizi swali langu la kwanza ni: nyumbani unafanya kazi gani?

Kalenda haitoshi. Mkono uinuke wote, nguvu zikaribiane na za mkono mzima, na nikiuinua na kuupeleka nyuma asikunje uso. Golikipa aanze kudaka amepiga magoti, kisha ajirushe kwenye godoro, ndipo nyasi, ndipo krosi zenye watu. Mkiona anaikimbia krosi ya upande ule ule, bado.

Maswali. Naam, kocha wa pale nyuma; lakini usiniulize habari za mechi ya Jumamosi.