Mambo Mbotela na kazi ya kuonyesha mpira kwa mdomo

Haya asanteni, naona wengine bado mmesimama huko nyuma, ingieni tu viti viko huku mbele, watu wa redio mnaogopa viti vya mbele sijui kwa nini. Nimeambiwa niongee kuhusu kutangaza michezo, na mimi nadharia zinanichosha, so ntawapa mtu mmoja tu, mzee Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio wa Kenya, aliyetuacha tarehe 7 Februari 2025 akiwa na miaka 84.

Huyu ukoo wake ni wa Freretown, pale Mombasa, kile kijiji cha wamishonari cha miaka ya 1870 kilichopokea watu waliookolewa kutoka utumwani. Babake, James Mbotela, ndiye aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha 1934, yaani nyumbani kwao kusimulia ilikua kazi ya familia kabla hata hiyo redio haijafika. Akaingia Sauti ya Kenya, redio ya taifa, hii mnaiita KBC siku hizi, 1964, uhuru wenyewe bado mbichi.

Sasa tuje kwa mpira. Mnajua tatizo la mpira wa redio ni nini? Msikilizaji haoni kitu. Hajui timu gani inashambulia kwenda wapi, hajui jezi, na mbaya zaidi huyu amefungua redio dakika ya 5 na mwenzake amefungua dakika ya 70 akitoka shamba, wote wawili ni wako na wote wanataka kujua ni ngapi ngapi. Kwa hivyo mtangazaji wa zamani alikua anakupangia uwanja kwanza, hawa wanatoka kushoto kwa redio yako wanaenda kulia, halafu hakuachi hapo, anarudia matokeo, anarudia dakika, anakutajia mwenye mpira na pia yule anayekimbia bila mpira, maana yule ndio hatari. Mbotela hiyo alikua nayo, na juu yake alikua na mbio, sauti inapanda na mpira, mpira ukirudi kwa kipa na yeye anashuka anapumua, hata usiposikia neno moja unajua mpira uko wapi. Wengi wetu leo tunapiga kelele kuanzia dakika ya kwanza, sasa goli likiingia utapandisha nini tena? Huna kitu umebakisha.

Na enzi zake kulikua na vitu vya kutangaza kweli kweli. Harambee Stars, timu ya taifa, ilibeba Chalenji, lile kombe la CECAFA la nchi za Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, golini Mahmoud Abbas, aliyepewa jina Kenya One, na jina kama hilo linaenea nchi nzima kwa redio, TV zilikua chache mno. Halafu 1987 uwanja wa Kasarani, Nairobi, kuna Michezo ya Afrika, Kenya inafika fainali ya soka inafungwa na Misri 1-0, na mwaka huo huo klabu yetu ya Gor Mahia inatoka 2-2 kule Tunis na Esperance, inakuja Nairobi 1-1, inabeba Kombe la Mandela, lile la klabu za Afrika, kwa magoli ya ugenini, yaani sisi tulifunga mawili kwao, wao wakafunga moja tu kwetu. Hebu mweleze mtu aliye kijijini kwa redio kwamba tumetoka sare mara mbili na kombe ni letu!

Lakini kuna siku hakukua na mpira. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wakiongozwa na Hezekiah Ochuka wanajaribu kupindua serikali, na wanaenda kumtoa Mbotela nyumbani kwake wanampeleka studio asome tangazo lao. Wana bunduki, wana kituo chote, wangesoma wenyewe basi. Kwa maoni yangu walijua nchi inaiamini sauti gani, na ile imani haikutoka kwa hotuba za siasa, ilitoka kwa hizo wikendi zote za mpira ambapo alisema goli na kweli ilikua goli. Jaribio lenyewe halikumaliza hata siku, jeshi likakikomboa kituo.

Ile Je, Huu ni Ungwana? mnaijua wote, kipindi chake cha redio kuhusu tabia njema, ilianza 1966 na akaenda nayo zaidi ya miaka 50. Watu huiona kama kitu tofauti na mpira, mimi sioni hivo. Pale pia anakuchorea tukio, fulani kaingia, kakaa, kafanya vile, unamwona kabisa na aibu unamwonea, ndio anakuuliza swali. Hakuhukumu kwanza. Sisi refa hajapuliza tayari tushasema ni mwizi.

Basi, maswali baadaye. Hapa nina dakika mbili za mechi nimezima sauti, geukieni ukuta nyote, mmoja tu aangalie atutangazie, na nikiuliza mpira uko upande gani mnanionyesha kwa mkono. Nani anaanza? Wewe wa jezi ya Ingwe, ya AFC Leopards, njoo.