Hekalu la Ise na Miaka Yake 20

Ndugu wasikilizaji,

Hekalu Kuu la Ise, katika mkoa wa Mie nchini Japani, ndilo lenye heshima ya juu kabisa miongoni mwa mahekalu ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, kwa kuwa katika sehemu yake iitwayo Naiku huabudiwa Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye ukoo wa wafalme wa Japani humhesabu kuwa asili yake. Lakini anayekwenda huko akitarajia kukuta majengo makongwe atakuta jengo lililokamilika mwaka 2013, ambalo linatarajiwa kumpisha mwenzake mwaka 2033.

Kila baada ya miaka 20 jengo la umbo lile lile husimamishwa kwenye kiwanja cha pembeni, kioo kitakatifu cha kujitazamia, kinachomwakilisha Amaterasu, huhamishwa usiku, na la zamani hubomolewa. Nguzo za mti wa hinoki, ambao mbao zake hunukia, huchimbiwa ardhini bila msingi wa mawe, na paa huezekwa kwa nyasi, kwa hiyo katika nchi yenye mvua kama ile uchakavu hauepukiki. Hata hivyo mbao hazitupwi: nguzo kuu mbili za Naiku huchongwa upya ziwe lango kwenye daraja la Uji, linalovukwa kuingia Naiku, na nyingine hupewa mahekalu mengine.

Desturi hii ilianza mwaka 690, enzi za Malkia Jito, na husimuliwa mara nyingi kana kwamba haijapata kukatika. Ilikatika, tena kwa muda mrefu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokausha hazina, Naiku haikujengwa upya tangu 1462 hadi 1585. Walioifufua kazi hiyo, kwa kuzunguka nchini wakichangisha fedha, ni watawa wa kike wa nyumba ya watawa ya Keikoin, nao walikuwa Wabudha, watu ambao kanuni za Ise ziliwazuia kulikaribia hekalu lenyewe! Kwangu mimi hiyo ndiyo sura nzito kuliko zote katika historia hii, ingawa huachwa mara nyingi. Ujenzi uliotarajiwa mwaka 1949 nao uliahirishwa hadi 1953, kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali haikuruhusiwa tena kuugharimia, na tangu hapo hutegemea michango.

Mbao zenyewe ni suala jingine. Kwa karne nyingi hinoki kubwa zimekatwa mbali, hasa milima ya Kiso, hivyo mwaka 1923 uliwekwa mpango wa miaka 200 wa kupanda miti katika msitu wa hekalu. Sehemu ya mbao za 2013 ilitoka huko, lakini miti iliyokusudiwa kuwa nguzo kubwa bado inakua.