Nguzo Zilizobaki Chini: Ardhi ya Makaa Baada ya Mgodi Kufungwa

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja alasiri hii.

Sisi wa Mtwara makaa ya mawe tunayajua kwa malori. Yanatoka Mbinga, yanapita Songea, Tunduru na Masasi, mengine yanaishia bandarini, mengine kwenye kiwanda cha saruji. Vumbi lake tunaliona, ajira zake tunaziona. Shimo yalikotoka hatulioni. Kule Ngaka, huko Mbinga, wanachimba kwa shimo la wazi, lakini Kiwira, upande wa Mbeya na Songwe, makaa yalichimbwa chini kwa chini tangu 1988. Leo nataka tuzungumzie migodi ya namna hiyo inapofungwa.

Mchimbaji anayeingia chini hamalizi makaa yote. Anaacha nguzo za makaa yenyewe zibebe mwamba wa juu, kama nguzo za mkoko zinavyobeba paa la makuti. Mgodi ukiwa hai, pampu zinatoa maji na watu wanazikagua nguzo. Ukifungwa, pampu zinazimwa, maji yanapanda, nguzo zinaloa na kumeguka pembeni mpaka zinakonda. Moja ikishindwa, mzigo wake unaangukia jirani yake. Coalbrook, Afrika Kusini, tarehe 21 Januari 1960, nguzo ziliporomoka kwa kufuatana na watu 435 wakafia chini. Mgodi ule ulikuwa bado unafanya kazi. Baada ya msiba huo ndipo wataalamu wa huko walipotafuta kanuni ya unene wa nguzo.

Kwenye mgodi uliofungwa, nguzo zinaweza kusubiri miaka kumi, zinaweza kusubiri mia. Juu, watu wamekwisha kujenga na kulima. Siku moja ukuta wa nyumba unapasuka, au shamba linafunguka shimo. Ipo njia nyingine ya kuchimba, ya kuondoa tabaka lote na kuacha paa lianguke nyuma ya wachimbaji. Ardhi inatitia mapema, kwa kiasi kinachokadirika, kisha sehemu kubwa inatulia. Inatisha kuisikia, lakini mimi naona mwenye nyumba ana nafuu akijua ardhi yake itashuka lini.

Sasa maji, na hapa ndipo panaponinyima usingizi. Mkulima wa korosho anaijua salfa, anaipulizia dhidi ya ubwiri unga. Ndani ya makaa na miamba yake mna madini yaliyounganisha chuma na salfa, yanaitwa piraiti. Yakikutana na hewa na maji, yanazaa asidi. Asidi inayeyusha chuma na metali nyingine kwenye mwamba, na maji hayo yakifika juu, ile chuma inaganda kuwa tope la rangi ya machungwa. Samaki wanakufa, na mtu hawezi kuchota hapo. eMalahleni, Afrika Kusini, tangu 2007 kuna mtambo unaosafisha maji ya migodi mpaka yanafaa kunywewa. Dawa ya kwanza ya asidi ni chokaa, na mawe ya chokaa Lindi na Mtwara tunayo tele. Lakini chokaa inaletwa, inachanganywa, tope linazolewa, kesho tena. Nani analipa?

Wajerumani walijiuliza mapema. Mgodi wao wa mwisho wa makaa magumu, si yale laini ya kahawia, pale Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Sehemu za bonde la Ruhr zimeshuka zaidi ya mita 20, na pampu zikisimama, maeneo makubwa wanayoishi watu yatageuka ziwa. Kwa hiyo mwaka 2007, makaa yakiwa bado yanatoka, waliunda mfuko wa kulipia kazi hizo wanazoziita za milele. Kwetu, Sheria ya Madini ya 2010 inatambua dhamana ya ukarabati, yaani fedha za mwenye mgodi za kuitengeneza ardhi baada ya kuchimba. Naomba mkiona mpango wa kufunga mgodi wowote, msiangalie miti itakayopandwa tu. Ulizeni kama maji ya miaka ya baadaye yamehesabiwa.

Ramani nayo. Uingereza iliwalazimisha wenye migodi kukabidhi ramani za migodi iliyoachwa tangu 1872. Mashimo ya kabla ya hapo mengi hayana ramani, na watu wamejenga juu yake. Ukiwa na ramani, unaweza kuchoronga na kusukuma mchanganyiko wa saruji na majivu mpaka uwazi ujae. Bila ramani, unapapasa gizani. Nakala ibaki wilayani na kijijini, si kwa mwekezaji peke yake.

Na visima vipimwe kabla jembe la kwanza halijaingia. Wengi wenu mna ndugu waliohamia kule kwenye makaa, waambieni. Mwanakijiji asiye na kipimo cha awali, siku maji yake yakibadilika rangi, ataambiwa yalikuwa hivyo tangu zamani, na hatakuwa na karatasi ya kujibu.