Baada ya kuongeza matiti: wiki sita bila mwiko wa ugali

Mtwara kuchele! Habari za nyumbani, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea, na ninyi wa Kilwa pia. Karibuni kwenye chaneli.

Leo naongea na kina dada mliokwisha kuongeza matiti, na mnaojiandaa. Swali lenu kubwa ni hili: "Dada, mbona yamekaa juu sana, magumu kama ubao, yanang'aa? Nimeharibiwa?" Kama uko wiki ya kwanza au ya pili, na yamevimba yote mawili kwa kiasi kinacholingana, hujaharibiwa mdogo wangu. Tulia, nikueleze kinachoendelea ndani.

Kutanisha viganja mbele ya kifua, kama unaomba dua ya kanisani, halafu sukuma kwa nguvu. Umeona hapo juu ya titi panavyokaza? Huo ndio msuli mkubwa wa kifua. Vipandikizi, yaani vile vitu laini vya kujazia titi, vingi huwekwa chini yake, angalau ile nusu ya juu. Vingine hukaa juu ya msuli, nyuma ya nyama ya titi. Daktari akishaunyanyua msuli ule ili atengeneze mfuko, msuli unakakamaa na kukisukuma kipandikizi kwenda juu. Ngozi ya chini nayo bado haijanyooka. Ndiyo maana titi linajaa juu, chini linakuwa bapa. Uvimbe huzidi siku ya 2 na ya 3, kisha hupungua taratibu.

Kuanzia wiki ya 3 au ya 4 msuli unaanza kulegea na chini panajaa. Miezi 3 umbo linaeleweka, miezi 6 wengi wameshatulia. Mwenye ngozi iliyokaza, au aliyewekewa kipandikizi kikubwa chini ya msuli, anaweza kufika mwaka. Moja litashuka kabla ya lingine, na hilo ni la kawaida. Piga picha kila wiki, siku ileile, umesimama palepale, mikono chini. Kioo cha kila asubuhi kitakutia wazimu, maana hakikuonyeshi mabadiliko.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niwashe kamera.

Msuli ule uliousikia ukikaza ndio unaosonga ugali. Ukishika mwiko, sufuria limeshikiliwa kwa mguu au kwa mkono wa pili, unaposukuma na kugeuza, msuli unakibana kipandikizi kila mzunguko. Kukuna nazi ni vilevile. Kutwanga ni zaidi, kwa sababu mchi unapanda juu ya kichwa. Na ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, hata ukijitwisha kichwani lazima mikono ipande. Ukifanya hivyo siku za mwanzo, mshipa wa damu uliofungwa unaweza kufunguka ukavuja ndani. Ukifanya wiki ya 3 au ya 4, mfuko ambao bado unajijenga unapanuka, kipandikizi kinahamia kwapani au kinateremka chini ya mstari wa titi. Kikishateremka, sidiria haikirudishi. Ni kurudi chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo wiki 2 za kwanza usinyanyue zaidi ya kilo 2. Chupa kubwa ya maji ya lita 1.5 ndiyo kipimo chako. Hadi wiki ya 6 usivuke kilo 5. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10, basi kaa chini uwekewe mapajani, usimwinue mwenyewe. Ukiamka kitandani usijisukume kwa mikono: geuka kidogo, shusha miguu, tumia tumbo na mapaja. Wakati wa korosho ndiyo kabisa, magunia waachie wengine. Kabla hujahesabu pesa ya daktari, hesabu nani atakusongea ugali wiki 6. Kama hayupo, ahirisha. Nalisema hili kwa moyo wote.

La pili ni kukandwa. Mama zetu wanatupenda, na kwao mwanamke aliyelala kitandani na kidonda ni wa kukandwa kwa maji ya moto kama mzazi. Mama, shikamoo, naomba sana: hapa hapana. Ngozi ya titi lililofanyiwa upasuaji huwa na ganzi kwa wiki au miezi, mgonjwa hasikii moto unavyomuunguza. Joto nalo linafungua mishipa na kuongeza damu ndani. Barafu vilevile, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Liwa, mafuta ya nazi, mwarobaini, visiguse mshono. Kuchua titi kunafanywa tu kama daktari wako ameagiza, kwa namna aliyokuonyesha yeye.

Sidiria ni ile laini isiyo na waya, usiku na mchana, kwa kawaida wiki 6. Joto la Mtwara mnalijua, jasho linakusanyika chini ya titi na fangasi wanaota palepale karibu na kidonda. Nunua za pamba tatu, badilisha ikilowa, kausha ngozi kwa kugusagusa bila kusugua. Lala chali, umeinuliwa kwa mito miwili au mitatu. Kuoga kwa maji yanayotiririka wengi huruhusiwa baada ya siku 2, lakini kuzama baharini Msimbati au Mikindani subiri kidonda kifunge kabisa na daktari aseme ndiyo.

Dawa ya maumivu: parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Aspirini usijinunulie dukani, inaongeza kutoka damu. Ukipewa tramadoli utafunga choo, na kujikamua kunapandisha presha kifuani, basi maji mengi, papai, kisamvu. Tembea ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni.

Vichomo kama shoti ya umeme, chuchu kuwa na ganzi au kuuma zikiguswa, sauti ya maji ndani siku za mwanzo: hivyo vinapita, ingawa ganzi ya chuchu kwa wachache hubaki.

Lakini titi moja likivimba ghafla, likakaza na kuuma kuliko lenzake, hasa saa 48 za mwanzo, hiyo ni damu ndani. Usingoje asubuhi. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikata, nenda hospitali usiku huohuo, Ligula, Sokoine Lindi, Ndanda, popote palipo karibu. Na homa ya nyuzi 38: nyumbani kwetu homa ikipanda tunasema malaria. Pima malaria, sawa, lakini hata majibu yakisema unayo, fungua sidiria uonyeshe mshono. Wekundu unaosambaa, joto, usaha au harufu ni maambukizi, na kipandikizi chenye maambukizi mara nyingi hutolewa. Mtu asikuchome sindano kuvuta maji kwenye titi bila kuongozwa na altrasaundi. Mwambie kabla hajaanza, "nina kipandikizi." Sindano ikikigusa, kimekwisha.

Mnaofanyiwa nje au Dar, msikimbilie nyumbani. Ndege si chini ya siku 5 hadi 7, na uwe umeshakaguliwa. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 za basi, na mnakumbuka Mei 2024 barabara ilivyokatika Somanga. Kaa Dar angalau wiki 2. Ukipanda basi, weka mto mdogo kati ya mkanda na kifua, shuka utembee kila linaposimama, begi la juu akupandishie konda.

Makovu: kama kwenu mna keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda, sema kabla ya upasuaji. Kidonda kikishafunga, bandiko la silikoni saa 12 kwa siku, miezi 2 hadi 3.

Na ile kadi. Utapewa kadi yenye jina la kiwanda, aina, ukubwa na namba ya kipandikizi. Ipige picha, mtumie na dada yako. Mwaka 2010 Ufaransa iligundulika kuwa vipandikizi vya kampuni ya PIP vilijazwa silikoni ya viwandani, na mwenye kadi ndiye aliyejua kama ni vyake. Kipandikizi cha silikoni kikipasuka huenda usihisi chochote, kwa hiyo ushauri wa Marekani ni altrasaundi au MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, baada ya miaka 5 hadi 6, kisha kila miaka 2 hadi 3. Andika mwaka huo nyuma ya kadi leo, kabla hujaiweka kabatini.