Ya kiwandani au ya kufunga mwenyewe? Tunabishana kuhusu GPS ya pikipiki

SALMA: ...ngoja, ishaanza kurekodi? Haya. Mambo zenu wasikilizaji, leo mi ndo mwenye shida na Kibwana ndo mganga.

KIBWANA: Sema dada, tukutibu.

SALMA: Nanunua pikipiki. Sio ya kuzungukia mtaani, nataka ya safari, ile unakaa juu yake kutwa nzima. Nimebaki na mbili na zote zimeshatumika. Moja ina ramani yake humo humo kwenye dashibodi, imetoka nayo kiwandani, nyingine dashi yake ina spidi na geji ya mafuta, basi. Sasa ile ya kwanza nimeipanda nikawasha switchi, skrini ikawaka, aisee nikajiona rubani.

KIBWANA: Ushalogwa na skrini tayari. Ya mwaka gani hiyo?

SALMA: Ina kama miaka saba.

KIBWANA: Na ramani iliyomo ndani ni ya mwaka gani?

SALMA: (anacheka) Hapo ndo sikuuliza.

KIBWANA: Unaona! Pikipiki ukiitunza inakaa miaka 15, hata 20, lakini ile kompyuta ndogo nyuma ya skrini inazeeka kama simu inavyozeeka, tofauti ni kwamba simu unaiweka kabatini unanunua nyingine, skrini ya dashi uking'oa unabaki na shimo. Afu kuna kitu watu wengi hawakijui. Setelaiti za GPS zinahesabu muda kwa wiki, na ile hesabu ya zamani ilikuwa na nafasi ya wiki 1024 tu, zikiisha inarudi sifuri, yaani kila baada ya karibu miaka 20. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo havikupata apdeti vilianza kusoma tarehe za ajabu ajabu.

SALMA: Sawa lakini usiniharibie kabisa, mbona ya kiwandani ina raha zake. Honda Gold Wing ilikuwa na ramani ya ndani toka ile ya 2006, wakati huo watu wengine wanabandika karatasi juu ya tangi. Afu ile ya 2018 ndo pikipiki ya kwanza kuingiziwa Apple CarPlay, ile ya kuleta programu za iPhone kwenye skrini, na ramani ya pikipiki yenyewe inaendelea kukuongoza hata ukiwa ndani ya handaki ambako setelaiti haikuoni, maana ina kihisi chake cha kujua umegeuka upande gani. Simu kwenye holda ukiingia handakini mara nyingi inaanza kubahatisha.

KIBWANA: Hiyo nakupa. Na nyingine nakupa bila ubishi, vitufe. Umevaa glovu nene, mvua inakupiga, unataka kukuza ramani kidogo, ya kiwandani unabonyeza kwa kidole gumba na mkono haujatoka kwenye hendo. Simu sasa, tone la mvua likidondoka kwenye kioo simu inadhani ni kidole chako, ramani inakimbia yenyewe, mara imefungua kamera, mara inampigia shemeji.

SALMA: Imeshanitokea! Sio shemeji, bosi. Jumapili.

KIBWANA: (anacheka) Ila ngoja nikuulize, hiyo ya kwako unaposema ina ramani, ina ramani kweli au ina mishale?

SALMA: Kuna tofauti?

KIBWANA: Kubwa tu. Watu wanasema "ya kiwandani" kama kitu kimoja kumbe ni vitatu. Kuna ile yenye ramani yake kabisa ndani, haihitaji simu. Kuna ile ambayo skrini ni kioo tu, simu ndo inafanya kazi yote ikiwa mfukoni, hizo za CarPlay na Android Auto. Afu kuna ya tatu, inakuonyesha mshale na mita zilizobaki tu, ramani yenyewe huioni, unaunganisha na programu ya mtengenezaji kwenye simu. Zile BMW zenye skrini ya inchi 6.5, nyingi zimekuja hivyo. Mishale sio mibaya, kuna watu wanaipenda maana haiwavuti macho, lakini ukikosea kona hujui barabara inayofuata inaelekea wapi, unafuata tu kama kondoo.

SALMA: Mmh. Ya kwangu nadhani ni ya pili. Maana muuzaji alihangaika na simu yake pale haikukubali, akasema ni waya.

KIBWANA: Labda waya, labda hedseti. Kuna pikipiki CarPlay haifunguki mpaka uwe umeunganisha hedseti ya helmeti. Unanunua ukifika nyumbani skrini imenuna, unadhani mbovu. Rudi kwake na simu yako mwenyewe, waya wako, helmeti yako yenye hedseti, ukae hapo mpaka ifunguke.

SALMA: Haya, sasa nitetee hiyo ya kufunga mwenyewe, maana mi ya kwangu ya zamani nilifunga holda ya simu nikajuta. Nilitembea nayo kama miezi mitano hivi, siku moja mpwa wangu ana sherehe natoa simu nimpige picha, kamera inatetemeka, yaani ukiiangalia kwenye kioo picha inacheza kama jeli na ndani unasikia inalia kri kri kri. Nikajua imeanguka mahali. Kumbe ni pikipiki.

KIBWANA: Mtetemo huo. Apple wenyewe walitoa onyo Septemba 2021, kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaopitia kwenye fremu na hendo unaweza kuharibu kamera. Maana kwenye kamera za sasa lenzi haijakaza, inaelea kwenye sumaku na spring ndogo ili picha itulie mkono ukitikisika. Sasa wewe unaitikisa masaa sita. Ndo maana kuna zile holda zenye kipande cha mpira cha kumeza mtetemo, usifunge simu bila hicho.

SALMA: Kuna mtu aliniambia tumia simu ya zamani, ile ya kabatini.

KIBWANA: Ndo ninayotumia mimi! Simu kuukuu, haina laini, nimepakua ramani nyumbani kwa waifai. Watu wanadhani GPS inakula bando, GPS haili bando, inasikiliza tu setelaiti ambazo ziko juu huko kilomita kama 20,200, ikipata nne inajua ulipo. Bando linaliwa na ramani. Ukishaipakua unaenda hata porini, foleni tu ndo hutaziona. Tatizo lake ni jua. Apple wanasema simu yao itumike kwenye hali ya hewa ya nyuzi 0 mpaka 35, sasa ipige jua la mchana, iko kwenye chaja, mwanga wa skrini juu kabisa, dakika 40 nyingi inajizima, inakuandikia ina joto. Kwenye njia panda. Haijawahi kujizima kwenye barabara iliyonyooka, sijui kwa nini.

SALMA: Ndo hapo wanaingia hawa wa GPS zenyewe, za pikipiki.

KIBWANA: Ndo hapo. Kama Garmin zūmo XT, skrini inchi 5.5, inaonekana juani vizuri, inagusika na glovu, na ina IPX7, maana yake imepimwa kukaa kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Ukiuza pikipiki unaing'oa unahamia nayo. Ukipaki unaichomoa unaingia nayo ndani, japo hiyo ndo adha yenyewe, kila ukisimama kunywa maji unachomoa, unachomeka. Ya kiwandani hakuna anayeng'oa dashi yako.

SALMA: Na waya? Maana mi hofu yangu ni waya, sitaki mtu anikatie nyaya za pikipiki nzima.

KIBWANA: Hapo sasa. Hapo ndo watu wanapoharibu, afu wanaisingizia GPS. Mi mwenyewe, fundi mmoja alinifungia chaja ya USB moja kwa moja kwenye betri. Ina kitaa kidogo cha buluu, kizuri, usiku kinawaka. Nikasafiri, nikarudi, nikaiacha pikipiki kama wiki mbili, asubuhi nabonyeza stata, tk. Tk. Nimefunua kitambaa nakuta kale kataa kananiangalia, kenyewe kamefifia. Kamenyonya betri siku zote hizo na simu haipo.

SALMA: Kwa hiyo ifungwe wapi?

KIBWANA: Upate umeme unaokuja ukiwasha switchi na unaokatika ukizima. Njia safi ni rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa kwa umeme, umeme wenyewe unatoka betri kupitia fyuzi, na ule waya wa switchi unaiamsha rilei tu. Fyuzi ikae karibu na betri, sio huko mbele kwenye chaja, maana waya ukichubuka katikati ndo unataka fyuzi iwe imeshauwahi. Afu kabla hujabana zile kamba za plastiki, zungusha hendo kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, uangalie waya unavutika wapi. Nimeona waya umekatika shingoni pale, mtu kila akikata kona kulia simu inaacha kuchaji, akabadilisha simu mbili.

SALMA: (anacheka) Simu mbili! Sasa basi we ungekuwa mimi?

KIBWANA: Mi ningenunua pikipiki, skrini ningeifikiria baadaye. Kama ile ya kwanza inakubali simu yako vizuri, hiyo haizeeki haraka, maana ramani ni ya simu, ukibadilisha simu umebadilisha ramani. Kama ina ramani yake ya ndani tu na apdeti zimekoma, basi ihesabu kama saa ya ukutani tu. Injini zikoje? Zimetembea kiasi gani?

SALMA: Ile yenye skrini ina kilomita 88,000. Hii nyingine 31,000.

KIBWANA: ...

SALMA: Nini?

KIBWANA: Salma. Tumeongea muda wote huu.

SALMA: Si ulikuwa hujauliza!

KIBWANA: 31,000, servisi zake zimeandikwa?

SALMA: Kitabu kipo, kina mihuri yote. Na kiti chake kizuri zaidi, kusema kweli.

KIBWANA: Yaani umekaa juu ya kiti kizuri ukaenda kununua tivii.

SALMA: Haya haya, basi. Nitafunga holda yenye mpira, na simu ya kabatini. Ile fyuzi ulisema ya ngapi?

KIBWANA: Sikusema. Kwa chaja ya simu ampea 5 inatosha kabisa. Na ununue mbili, moja uiweke chini ya kiti.