Kuchanganya elektroliti ya betri ya metali ya lithiamu ya volti za juu

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tuko maabara hapa Kampala. Gramu moja ya metali ya lithiamu hubeba chaji ya mAh 3,860 na ya grafiti, ile ya betri za kawaida, 372 tu, kwa hiyo mwendesha boda ya umeme ana haki ya kuitamani. Kinachotukwamisha ni elektroliti, kimiminika kinachopitisha ioni ndani ya betri.

DME, kiyeyushi chetu, inapatana vizuri na lithiamu. Shida iko upande wa pili: volti zikipita 4 hivi, kathodi, yaani ncha chanya ya betri, inaipokonya elektroni, na inayoumia zaidi ni ile DME isiyoshikana na ioni yoyote. Basi tusiiache izurure.

Pimeni LiFSI, chumvi yetu ya lithiamu, gramu 1.87, DME gramu 1.08, na TTE, kimiminika cha kuzimulia, gramu 6.96. Kwa moli ni 1 kwa 1.2 kwa 3. Fanyeni yote ndani ya sanduku la glavu lenye gesi ya agoni, maji yasifike ppm 1 (sehemu moja kwa milioni). Chumvi hii inanyonya unyevu, na hewa yetu ya kando ya ziwa haiifai hata kidogo.

Tangulizeni DME, kisha tieni chumvi kidogo kidogo, maana chupa inapata joto. Nikiinamisha hivi, mnaona? Kimiminika kinateremka polepole kama asali. Lithiamu moja hutaka oksijeni kama nne, na DME moja ina mbili. DME hazitoshi, kwa hiyo FSI, ioni hasi ya chumvi yetu, inasogea kujaza pengo. Hiyo FSI ndiyo itakayovunjika juu ya lithiamu na kuacha tabaka la floridi ya lithiamu, ngao ninayoitaka kuliko kitu kingine chochote hapa.

TTE iwe ya mwisho. Inafanya kimiminika kiteremke kwa wepesi tu, chumvi haiyeyushi. Niliwahi kuitanguliza, chumvi ikatuama chini kama unga wa posho uliolowa, mchana wangu ukaenda.

Jaribuni kwa seli ya shaba: pakeni lithiamu juu ya shaba kwa umeme, iondoeni, linganisheni chaji iliyotoka na iliyoingia. Mkipata asilimia 99 msishangilie. Mizunguko 100 ikiisha, inabaki lithiamu asilimia 37 tu. Kwa 99.9 inabaki 90. Hapo ndipo muunganishe na kathodi ya NMC (oksidi ya nikeli, manganizi na kobalti) na kupanda hadi volti 4.4.

Mabaki yawekeni kwenye chupa ya taka yenye lebo. TTE ina florini nyingi, haiozi upesi. Mfereji wa Nakivubo unaishia Ziwa Victoria, na maji yetu ya bomba yanavutwa humo humo, Ggaba.