Fundi wa Gesi Anaishia Mlangoni kwa Mpangaji

Mabibi na mabwana, leo nasema na wenye majengo. New York ina sheria ya mwaka 2016, Sheria ya Jiji Namba 152: mabomba ya gesi yakaguliwe angalau mara moja kila miaka 4. Nyumba za familia moja au mbili zimesamehewa. Jengo lisilo na gesi kabisa nalo hupeleka tamko la injinia au msanifu majengo. Naona mnacheka, faini haichekeshi.

Chanzo chake mnakijua. Machi 2014, mtaa wa East Harlem, gesi ililipuka, majengo mawili yakaporomoka, wakafa watu 8. Machi iliyofuata, mtaa wa East Village, gesi ililipuka tena, wakafa wawili.

Sasa nisikilizeni. Wachunguzi walipofukua East Harlem walikuta kiungo cha bomba la plastiki kilichoungwa vibaya, tena chini ya barabara. Bomba la majitaka lilikuwa limetoboka, udongo ukasombwa. Mkaguzi wa sheria hii asingekiona kiungo kile, kwa sababu yeye huanzia pale bomba linapoingia jengoni.

East Village ni mengine. Gesi ilichepushwa kinyemela kulisha vyumba vya juu. Waendesha mashtaka walieleza kwamba wakaguzi wa kampuni ya gesi walifika siku ileile, wakaondoka, koki ikafunguliwa tena. Mwaka 2019 mwenye jengo, mkandarasi na fundi asiye na leseni walikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia.

Mkaguzi huyo ni fundi bomba mkuu mwenye leseni, au msaidizi aliye chini yake, naye hupita na kifaa cha kunusa gesi: chumba cha boila, kwenye mita, korido. Anatafuta kutu, uvujaji, maungio ya kienyeji. Mlangoni kwa mpangaji anageuza. Ule mpira wa nyuma ya jiko haumo, na cheti chako cha ukaguzi hakiusemei.

Akikuta hatari, anakuarifu papo hapo wewe, kampuni ya gesi na idara ya majengo. Vinginevyo ripoti unaipata ndani ya siku 30, na cheti unakiwasilisha kwa idara hiyo ndani ya 60. Kukiwa na kasoro una siku 120 za kuirekebisha, au 180 kazi ikiwa kubwa.

Nawaomba jambo moja tu: siku hiyo shukeni naye. Hesabuni mita, hesabuni vyumba, kisha lifuateni kwa macho kila bomba linalopanda. Lisilo na mita, muulizeni limetoka wapi, kabla hajafunga begi lake.

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.